Aliyefika Peke Yake

Asubuhi ile mlima ulikuwa na pepo mbili zisizosemezana. Chini, kwenye mteremko wa majani ambako marubani walikuwa wametandaza mabawa yao ya kitambaa, upepo ulipanda taratibu kutoka bondeni, wa kupepea shati tu. Juu, mawingu yalikwenda mbio upande mwingine kabisa, yamechanika vipande vipande. Kila aliyeinua uso aliona, na kila aliyeona alinyamaza akaendelea kukagua kamba zake, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Mama Miwani naye aliona akanyamaza. Jina hilo alipewa na marubani wenzake kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani katika chumba cha nyuma cha duka moja mjini, chumba kisicho na dirisha, mashine ikivuma na maji yakichirizika juu ya jiwe la kusagia, na yeye ameinamia macho ya mtu ambaye uso wake hataujua. Kazi ya kimya, na ilimfaa. Hakuwa msemaji. Akisalimiwa aliitika, akiulizwa alieleza, basi, mambo yaliishia hapo.

Msemaji alikuwa mumewe. Huyo alikuwa kinyozi, na kwa kweli watu wengine walikwenda kwake wakiwa hawana hata nywele za kunyoa, mradi wamsikilize. Mkewe alipoanza kuruka mashindanoni, mume alisema yeye na kimo ni maadui tangu utotoni, lakini gari atalifuata. Basi ikawa hivyo miaka yote. Siku ya mashindano alifunga kibanda chake, akaendesha gari barabarani huko chini, simu ya upepo imefungwa kwenye kioo kwa mpira, na mdomo haukauki.

"Mke wangu, unafanya nini hapo, unaotea jua? Sogea kulia! Kuna ndege wawili wanapanda huko kama wameitwa. Mimi hapa nimesimama nyuma ya trekta, dereva wake ana kichogo, nakwambia, kinahitaji fundi."

Yeye huko juu hakujibu zaidi ya "sawa" na "nimeona." Walikuwa na chaneli yao wawili, ya saba, isiyotumiwa na mtu mwingine, na kwa miaka mingi Mama Miwani hakuwahi kukaa angani bila sauti ile sikioni.

Kisha kiharusi kilimkuta mume amesimama nyuma ya mteja, mashine inanguruma mkononi. Mteja ndiye aliyemdaka asigonge kichwa. Alirudi kutoka hospitali anakokota mguu, mkono wa kulia umelala, na maneno yote yamekwisha isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "haya." Umelala vizuri? Haya. Nikuletee chai? Haya. Unaumwa wapi? Haya. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo, mtu hupoteza maneno yote akabakiwa na moja, wala si yeye anayelichagua. Mke alishukuru kwa maelezo, akarudi nyumbani, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba friji ilipojizima alishtuka.

Haya yalikuwa mashindano yake ya kwanza tangu wakati huo. Aliyemsukuma aje ni wifi yake, muuguzi mstaafu, mwanamke wa kuamrisha. "Nenda, wifi," alimwambia huku anafungua begi lake la nguo bila kusubiri kukaribishwa. "Nitakaa naye mimi. Ukiendelea kujifungia humu nitauguza wawili." Mume alipoelezwa alikuwa anatazama ukuta. Akasema, "Haya." Mke alilibeba neno hilo njia nzima mpaka mlimani, analigeuza huku na huku, asijue kama ni ruhusa au ni lawama.

Mkurugenzi wa mashindano aliwaita kwa kipaza sauti, wakamzunguka. Alikuwa mtu mfupi mwenye ngozi iliyobabuliwa na jua, mzoefu wa milima. Akawaonyesha safari ya siku hiyo: kuanzia hapa, kupita juu ya mnara wa simu ulio kileleni, kuvuka bonde hadi kwenye bwawa, kisha kuifuata milima hadi uwanja wa shule katika bonde la pili. Huko ndiko kwenye mstari wa mwisho. Atakayefika mapema ndiye mshindi.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Huo upepo wa juu mnauona wenyewe. Ukikaa huko huko juu, tutaruka vizuri. Ukishuka, navunja mashindano. Nikisema simama, maana yake tua mahali salama palipo karibu, na matokeo tutayahesabu mpaka dakika hiyo. Simu zote za upepo ziwe chaneli ya kwanza. Ya kwanza! Na sitaki porojo humo."

Wakaondoka mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika Mama Miwani alivuta kamba za mbele, bawa likainuka juu ya kichwa likajaa hewa, akapiga hatua chache za nguvu, na ardhi ikamwachia. Hapo ndipo siku zote mumewe aliposema, "Haya mama, kazi kwako." Akajiweka sawa kitini.

Mwanzoni mambo yalimwendea vizuri. Alilipata haraka lile jua linalochoma mwamba na kuinua hewa, kifaa chake kikaanza kulia pi-pi-pi kumjulisha anapanda, akazunguka pamoja na wengine kama maji ndani ya birika. Juu yake kidogo alikuwa kijana waliyemwita Mwewe, bingwa wa mwaka uliopita, anayeruka kana kwamba ana kisasi cha kulipa. Mnara wa simu wakaupita pamoja. Bonde wakalivuka. Kwenye bwawa Mama Miwani alikuwa miongoni mwa watano wa mbele, na kwa kitambo hicho alisahau kila kitu. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, kulegeza huku na kuvuta kule, na mwili ukaona raha ambayo alikuwa amekwisha kuikatia tamaa.

Ndipo simu ya upepo ikasema, "Mpenzi, umekula ile ndizi?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Mmoja wa marubani alikuwa binti aliyeolewa juzijuzi, na mumewe alimfuata kwa gari huko chini. Walikuwa wamesahau amri.

"Nimekula nusu," sauti ya kike ikajibu, inacheka. "Nusu imedondoka bwawani."

"Basi samaki wamekushukuru. Angalia, wingu lako liko mbele, kushoto kidogo. Kushoto, siyo huko! Wewe na kushoto kwako!"

"Nyie wawili, hebu!" Mkurugenzi akanguruma. "Chaneli hii ni ya usalama."

Kikasikika kicheko kidogo kilichozibwa kwa kiganja. Halafu, baada ya muda, kwa kunong'ona: "Kushoto."

Mama Miwani hakuwaonea wivu wa ubaya. Lakini aliona machozi yanamharibia mbele, na rubani aliye mbioni hana mkono wa kufutia macho. Akapeleka kidole kwenye simu ya upepo iliyofungwa begani, akazungusha kitufe. Mbili, tatu, nne. Akasimama kwenye ya saba.

Hakuwa amepungukiwa akili. Alijua fika hakuna mtu huko. Kulikuwa na mvumo tu, shhhh, kama mafuta ya moto yanayosubiri kitunguu. Aliusikiliza. Alitaka dakika chache tu kisha arudi kwenye chaneli ya kwanza, na angerudi, kama si njia panda iliyomkabili wakati uleule.

Mbele yake milima iligawanyika. Mgongo wa kushoto ulikuwa mrefu, umejikunja, lakini wazi. Mwewe na wenzake walikuwa wamekwisha uelekea. Mgongo wa kulia ulikuwa mfupi zaidi na ulipita kando ya korongo. Mtu akifaulu kuupita angewatangulia wote. Jua lilikuwa linaupiga sawasawa. Na zaidi ya hayo, kuwa na watu hakukumtamanisha wakati ule. Akageuza bawa kulia, akaenda zake.

Alifika nusu ya korongo kabla upepo wa juu haujashuka. Alitambua kwa miti. Mwanzo ilikuwa inainama upande mmoja. Mara ile ya juu ikainama huku, ya chini ikainama kule, na majani makavu yakainuka kutoka sakafu ya korongo yakizunguka. Upepo ulikuwa unavuka mgongo wa mlima na kujikunja nyuma yake, kama maji ya mto yanavyojikunja nyuma ya jiwe. Na yeye alikuwa hasa hapo nyuma ya jiwe.

Alitazama chini akaona kivuli chake kimesimama. Kisha kikaanza kurudi nyuma.

Akakanyaga ufito wa mwendo kwa miguu yote miwili. Bawa likaongeza kasi, kivuli kikasita, kikaanza kujikokota mbele. Na hapo, bila onyo, nusu ya bawa upande wa kulia ikakunjika kama karatasi. Kiti kikaanguka ubavu. Dunia ikazunguka: mwamba, anga, mwamba. Mkono wake ukakimbilia kishikio chekundu cha parachuti ya akiba, na akili ikamwambia bado, ukivuta hapa upepo utakuburuta kwenye majabali. Akaegemea kwa nguvu upande uliobaki mzima, akazuia mzunguko, akavuta breki ya kulia mara moja, mara ya pili. Bawa likafunguka kwa kishindo, kama shuka linalokung'utwa. Kamba zikakaza. Alikuwa karibu na ukuta wa korongo kiasi cha kuona mbuzi mmoja wa mwitu akimtazama, anatafuna.

"Toka hapo," alisema kwa sauti. Alijishangaa, maana alisema kwa lafudhi ya mumewe.

Mvumo wa chaneli ya saba ukamjibu, shhhh.

Alikaa katika korongo lile kwa muda mrefu kuliko alivyodhani mtu anaweza kukaa. Kila alipotaka kutoka kwa juu, upepo ulimsukuma chini. Kila aliposhuka, miamba ilimsogelea. Hapakuwa na mahali pa kutua. Chini kulikuwa na mto mwembamba na mawe makubwa kama magari. Alibaki akizunguka juu ya mteremko mmoja wa kokoto uliopata jua, mahali pekee penye hewa iliyopanda hata kidogo, akishikilia kimo chake, akikipoteza, akikirudisha. Mikono ilimuuma hadi mabegani. Hakuna aliyemwona. Katika kazi yake alizoea kutoonekana, lakini huku kulikuwa kwingine. Ilimjia kwamba anaweza kufa hapa, alasiri hivi, jua linawaka, na mbuzi yule aendelee kutafuna.

Hatimaye jua likahama, kokoto zikapata moto wa kutosha, na kifaa kikalia kilio kirefu cha furaha. Akaing'ang'ania pumzi hiyo ya hewa, akazunguka nayo bila kuiachia, mpaka korongo likabaki chini yake kama ufa kwenye sakafu. Upepo ulimpokea kule juu ukamrusha mbele. Sasa ulikuwa nyuma yake, unampeleka kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona katika maisha yake ya kuruka. Milima ikapita. Bonde la pili likafunguka. Na kule mbali, kijani kidogo kilichonyooka pembeni mwa mapaa ya bati, ukaonekana uwanja wa shule.

Akageuka nyuma. Anga lilikuwa tupu. Akatazama kushoto, ule upande waliopita wenzake. Tupu.

"Nimewaacha," akasema. Na moyo ukamruka kama wa msichana. Wako wapi akina Mwewe? Wamekwama nyuma ya mlima wao mrefu! Alianza kucheka peke yake hewani. Akajiona jukwaani, akaiona simu atakayopiga nyumbani. Atasema nini, yeye asiye na maneno? Atasema tu, "Nimeshinda." Na huko mtu ataitika kwa neno lake moja, na safari hii litakuwa limefaa.

Kutua kulikuwa vita. Upepo ulimfikisha uwanjani kinyumenyume, akagusa ardhi kwa visigino, bawa likamvuta akaanguka kifudifudi na kuburutwa hadi karibu na goli kabla hajafaulu kulipokonya hewa. Akakaa chini. Mdomo ulikuwa umejaa majani. Akasubiri makofi.

Hapakuwa na makofi. Hapakuwa na hema, wala watu wa kuandika waliofika, wala ule utepe mweupe wa mstari wa mwisho. Kulikuwa na alama za magurudumu kwenye majani, na vigingi vichache ambavyo mtu alivisahau.

Mwanamume mmoja mwenye koti kuukuu na filimbi shingoni akatokea upande wa madarasa, anatembea bila haraka. Alikuwa mlinzi wa shule.

"Pole na kuanguka, mama," akasema.

"Ahsante. Mimi ni wa kwanza?"

Mlinzi akamtazama, akatazama uwanja, kama mtu anayetaka kujibu kwa uangalifu. "Kwa leo, ndiyo," akasema. "Na wa mwisho pia. Wenzako walifunga virago zamani. Walisema mchezo umevunjwa, upepo mbaya. Hukuambiwa?"

Hapo ndipo mkono wake ulipokwenda begani, kwenye simu ya upepo, na macho yakasoma namba iliyokuwa inang'aa pale.

Akaitoa simu yake ya kawaida kwenye mfuko wa kiti. Ilipopata mtandao ilianza kutetemeka mfululizo, haikunyamaza, mpaka mlinzi akarudi nyuma hatua moja kwa adabu. Ya kwanza kuita tena ilikuwa ya wifi yake.

"Wifi?"

"Niko hapa."

"Sema neno lingine nijue ni wewe!"

"Ni mimi, wifi. Niko salama. Nimetua."

Alisikia wifi akivuta pumzi, kisha akilia, mwanamke ambaye hakulia hata siku ya hospitali. "Tulikuwa tunakufuata kwenye ramani ya simu," akasema. "Kile kidoti chako. Kikaenda, kikaenda, kikaingia korongoni kikasimama. Wenzako wote wanashuka, wanatua, chako kimesimama tu. Mtu wa mashindano akapiga simu kuniuliza kama umewasiliana nasi. Mimi ningemwambia nini? Na kaka yangu amekaa hapa anakigonga kidoti kwa kidole, anakigonga, kana kwamba kimenata. Wifi, ulikuwa wapi?"

"Humo korongoni. Mtandao haukufika. Mpe simu."

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi nzito. Halafu mume akasema, chini kabisa, "Haya."

Kisha akaanza tena. "Haya. Haya, haya." Ikapanda. "Haya haya haya, haya!" Ikakatika kwa pumzi, ikashuka, ikarudi kwa nguvu zaidi, na mke, amesimama katikati ya uwanja kofia ngumu ikining'inia mkononi, akautambua wimbo. Ndivyo alivyomkaripia mwaka ule alipopita chini ya wingu la mvua. Alianza hivihivi kwa upole, akapandisha, akauliza maswali yasiyotaka jibu, akamhesabia makosa, akamtajia marehemu mama yake, akarudi mwanzo. Kila kitu kilikuwepo mahali pake isipokuwa maneno. Hakumkatiza. Alisimama akakaripiwa mpaka mwisho, kama anavyostahili mtu mzima aliyefanya utoto.

"Nimekusikia," akasema ilipokwisha. "Nisamehe."

Simu ikakwaruza. Wifi ndiye aliyerudi. "Amegeukia ukutani," akasema. "Mwache kwanza."

Gari la mashindano lilifika jua likiwa limelala. Mkurugenzi alishuka mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi.

"Nimekuita mpaka nimekauka koo," akasema. "Nimetuma watu wapande korongoni na machela. Mwewe ametua, hata maji hajanywa, amepanda tena mlima kwa miguu na wenzake wawili kukutafuta maiti. Simu yako ilikufa?"

Angeweza kusema ndiyo. Betri hufa, hakuna ambaye angeichunguza. "Haikufa," akasema. "Nilikuwa chaneli nyingine."

"Chaneli gani?"

"Ya mume wangu."

Mkurugenzi akaelewa mara moja. Alimjua yule kinyozi. Nani kati yao hakumjua? Walimsikia kila gari lake liliposimama, akinunua mahindi, akibishana na wachungaji, akimtangaza mkewe kwa wapita njia. Aliokota kimoja cha vile vigingi vilivyosahaulika, akakigonga kwenye kiganja kuondoa udongo.

"Leo utapata sifuri," akasema baadaye. "Na kesho huruki. Siwezi kufanya vinginevyo."

"Najua."

"Pole, dada." Akamfungulia mlango wa gari.

Walilala katika bweni la chuo kilichokuwa likizo, wanawake chumba kimoja, vitanda vya chuma na magodoro yanayopiga kelele. Kwenye korido Mama Miwani alikutana na Mwewe, viatu mkononi, miguu imechubuka, matope hadi magotini. Alisema, "Nashukuru kwa kunitafuta." Mwewe akatikisa kichwa bila kusimama, akapita. Hakuwa na kinyongo pengine. Alikuwa amechoka tu. Lakini alipita kwa mbali kama mtu anavyopita pembeni ya shimo.

Chumbani yule binti aliyeolewa juzijuzi alikuwa amekaa kitandani anapaka mafuta midomo iliyokauka kwa upepo. Alipomwona aliinuka.

"Mama, tulikuita sana."

"Sikusikia."

Binti akasita. Alikuwa na akili. "Ni sisi, eh? Zile porojo zetu. Ulihama chaneli kwa sababu yetu."

Mama Miwani alikaa akaanza kufungua kamba za viatu. Vidole vilikuwa vigumu kwa kushikilia breki mchana kutwa. Fundo la kwanza lilimshinda, na binti akapiga goti akamfungulia bila kuomba ruhusa.

"Nyinyi endeleeni kuongea," akamwambia. "Tafuteni chaneli yenu tu, msije mkamuudhi mzee wa watu. Lakini ongeeni."

Asubuhi aliwasikia wenzake wakipanda lori la kwenda mlimani, wakitaniana, mabegi ya mabawa yakitupwa sakafuni. Kulikuwa kumetulia, ingekuwa siku nzuri. Lori lilipoondoka bweni lote likawa la kwake. Alitandika kitanda, akafagia majani yaliyodondoka kutoka kwenye begi lake, akatoka kwenda kupanda basi.

Alifika nyumbani mchana. Wifi alimfungulia mlango, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia kwamba chakula kiko jikoni na kwamba yeye anakwenda kulala kwa kuwa watu wa nyumba hii watamuua. Mume alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Dada yake alikuwa amemnyoa ndevu. Kidevuni alikuwa na vipande vitatu vya karatasi ya chooni vilivyoganda damu, na upande mmoja wa sharubu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Kinyozi mzima, kafanywa hivyo, na hana neno la kushtaki. Mke alitaka kucheka. Alimwangalia kama naye atacheka, lakini mume hakumtazama.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kimya kilikuwa kilekile alichokiacha. Miaka yote yeye alileta "sawa" na "nimeona," na mume akaleta kilichobaki. Akirudi kutoka mashindanoni ni mume aliyewasimulia majirani safari nzima, na kutia chumvi, na yeye alisikiliza kama habari za mtu mwingine. Sasa hakuna wa kusimulia. Alitazama mikono yake, malengelenge ya kamba, ukucha mmoja uliovunjika.

"Upepo ulikuwa na pande mbili," akasema. Sauti ilitoka mbaya, kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. Akakohoa. "Chini ulikuwa mzuri. Juu ulikuwa unarudi. Sote tuliona. Nikaruka wa... nilikuwa wa katikati hivi. Kulikuwa na binti mmoja, ameolewa juzijuzi, na ndizi yake. Hilo nitakwambia baadaye. Bwawani nilikuwa watano bora."

Mume alikuwa amefumba macho. Pengine amelala. Nje mtu alikuwa anagonga bati, anatengeneza kitu.

"Nikaenda kulia," akasema. "Ungenikataza. Nikaingia korongoni, na upepo ukashuka, nikaona kivuli changu kinarudi nyuma." Hapo akakwama. Kilichofuata hakuwahi kumwambia mtu, wala hakujua husemwa vipi. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa sana, mume wangu."

Akasubiri. Mume hakufumbua macho, wala mkono wake mzima uliokuwa juu ya blanketi haukusogea. Bati nje likaendelea kugongwa. Baada ya muda mke akavuta kiti kingine, akakisogeza mpaka karibu na dirisha, akakaa, na akaanza kueleza jinsi mbuzi yule alivyokuwa.